Mzee Aliyekaa Juu ya Bati

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwaka, watu wamejipanga pande zote mbili za njia na simu zao mikononi. Nayasema hayo mapema kwa sababu najua visa vya namna hii huwa vya usiku, na msikilizaji hujiambia moyoni: huyu alikuwa amelewa, au alikuwa na usingizi. Mimi sinywi. Nilikuwa nimekunywa chai na kula mandazi mawili, basi. Kama unataka kunicheka, subiri nimalize, kisha ucheke ukiweza.

Na usidhani nasimulia ili nikuogopeshe. Kilichonifuata siku ile hakikuwa kibaya. Mbaya nilikuwa mimi.

Ninauza vipuri vya magari na pikipiki pale Awendo. Kwangu ni ndani kidogo, unaacha lami unaingia barabara ya murram, miwa huku na miwa huku, mpaka unafika. Katikati ya barabara hiyo hiyo ndiko kwa mjomba wangu, Mjomba Ochieng', kaka yake mama. Baba yangu alipofariki nilikuwa darasa la tano. Mjomba alikuja na lori la miwa alilokuwa akiendesha, akanipakia mimi na godoro langu, akanileta kwake. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita okewa, yaani mtoto wa dada yangu. Mkewe, Mama Akoth, akanilea pamoja na watoto wake na hakuna siku nilipoona tofauti kwenye sahani.

Mjomba ndiye aliyenifunza kuendesha gari. Nilikuwa kidato cha kwanza. Lori likishapakua miwa kiwandani, tukirudi mashambani likiwa tupu, alikuwa akisimama, anashuka, anazunguka na kukaa upande wa kushoto. "Haya," anasema, na mimi nashika usukani ambao ulikuwa mkubwa kuliko sinia ya harusi. Hakuwa mtu wa maneno. Hakusema badilisha gia. Aligonga dashibodi mara mbili kwa vifundo vya mkono wake wa kulia, ko ko, na wewe ukajua. Ukichelewa hagongi tena. Anakuacha injini ilie mpaka uone haya mwenyewe. Mkono huo ulikuwa na kidole cha mwisho kilichokatika ncha. Kilikatwa na mnyororo wa kufungia miwa kabla mimi sijazaliwa.

Sasa tuje kwa gari. Ni gari dogo la Kijapani, la buluu, milango miwili, lina turbo. Nilikuwa nikienda nalo dukani, kanisani, matangani, kila mahali. Ekzosi yake ina mlio ambao ukiwa jikoni unajua ni nani amepita. Hakuna gari lingine kama hilo barabara yetu yote. Kumbuka hapo.

Mwaka juzi vijana wenye magari kutoka Migori, Kisii na Homa Bay walipanga siku ya drag. Kuna kiwanja cha zamani cha ndege ndogo upande wa Homa Bay, jina lake nitaliacha, kina lami nzuri iliyonyooka. Magari mawili yanasimama sambamba, bendera inaangushwa, anayefika mwisho kwanza ameshinda. Robo maili tu. Wewe ambaye hujawahi kufanya hivyo utaona ni upuuzi, lakini niamini, robo maili inaweza kumla mtu akili. Kwa majuma kadhaa sikuwaza kitu kingine. Nilisikia wakubwa wa mchezo huo wakisema uzito ndio adui, kwa hiyo nikaanza kulivua gari langu nguo. Nikatoa gurudumu la akiba na jeki. Nikatoa viti vya nyuma. Nikabandua zulia lote sakafuni mpaka bati likabaki wazi. Na asubuhi ya siku yenyewe, Jumamosi, nikafungua kiti cha abiria cha mbele.

Nilikuwa nimeinama hapo, spana mkononi, simu ikalia. Saa tatu asubuhi. Mama Akoth.

"Uko wapi, baba?"

Sijui kwa nini niliuliza nafsi yangu kwanza anataka nini. Mtu akikuuliza uko wapi, si unamwambia uliko? Lakini nilisikia kitu kwenye sauti yake, na nikajikinga.

"Niko Kisumu," nikasema. "Nililala huku."

"Mjomba wako ameamka vibaya. Mdomo umeenda upande. Anasema kichwa kinampasuka. Tumejaribu pikipiki, hawezi kukaa, anaanguka. Nilitaka umkimbize hospitali."

"Pole, Mama. Hamwezi kupata gari hapo karibu? Mimi hata nikitoka saa hii nitafika mchana."

Akasema, "Haya, baba. Mungu atatupatia," na akakata.

Kiti kilikuwa kwenye nyasi, hatua mbili kutoka nilipo. Boliti zake nne zilikuwa kwenye kiganja changu, bado zina joto la mkono. Nimekifunga kiti hicho mara nyingi tangu siku ile, na kila mara natazama saa. Ni dakika kumi. Hata ukifanya polepole ni dakika kumi.

Niliziweka boliti mfukoni.

Unataka kujua nilijiambia nini? Nilijiambia watapata gari. Nilijiambia mjomba ni mtu wa presha siku zote, amezoea. Nilijiambia kama ningekuwa kweli Kisumu si wangejipanga tu? Nikakaa ndani karibu saa nzima ili wawe wameondoka, kwa sababu njia yangu ya kwenda kwenye lami ni hiyo hiyo moja. Kisha nikatoka.

Hawakuwa wameondoka.

Kuna kalvati kwenye kona, mahali ambapo watu wa maziwa huweka mikebe yao. Mjomba alikuwa amekaa juu ya saruji, blanketi mabegani na jua limeshapanda. Mama Akoth amesimama nyuma yake akimshikilia asianguke upande. Vioo vyangu vina giza, na nikajidanganya kwamba giza hilo linatosha. Sikupunguza mwendo. Nilitazama mbele kama mtu anayefanya mtihani. Lakini pembeni mwa jicho niliona mjomba akiinua mkono wa kulia. Hakuupunga kunisimamisha. Aliuinua tu, vile anavyosalimia gari lolote analolijua, kisha akaurudisha magotini.

Nikaongeza mafuta. Kwenye kioo cha nyuma niliona vumbi tu.

Kutoka Awendo mpaka Rongo, kutoka Rongo mpaka Rodi, na kule mbele, sikuwasha redio. Nilipofika kiwanjani na kuona magari yamepangwa, boneti wazi, watu wanatembea wakichungulia injini, nikasahau. Naona aibu kuyasema haya, lakini ni kweli. Nilisahau kabisa. Mtu mmoja aliniuliza gari lina uzito gani sasa, nikamwambia kwa furaha kwamba hata kiti cha abiria nimekiacha nyumbani.

Zamu yangu ya kwanza ilifika kama saa nane kasoro. Aliyekuwa akiangusha bendera alikuwa dada mmoja mrefu wa Kisii, anaitwa Kerubo, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa kama cha wajenzi wa barabara. Hakuwa na mzaha. Nilisogea mpaka kwenye mstari, yeye akaja kukagua mkanda na helmeti. Akainama dirishani upande wangu, akatazama ndani, akatikisa kichwa.

"Boss, abiria haruhusiwi. Mzee ashuke."

"Mzee gani?"

"Huyu." Akaonyesha kwa kidevu. "Na hata kiti hana. Kwa nini mnamkalisha mzee chini kwenye bati?"

Nilitazama kushoto kwangu. Bati tupu, mashimo manne ya boliti, waya wa taa umejikunja. Nikacheka. Nikanyoosha mkono nikapiga lile bati kwa kiganja, pa pa pa, kumwonyesha. Lilikuwa na joto, maana ekzosi inapita chini yake. Kerubo hakucheka. Alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa kushoto, akatazama sakafu, akatazama pembeni, akatazama watu waliosimama nyuma ya kamba.

"Ameshukia wapi?" akauliza, si mimi, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. Kisha akafunga mlango na kurudi mahali pake.

Nilidhani jua limempiga. Wewe ungedhani nini?

Bendera ikaanguka. Mwenzangu alikuwa na gari jeupe lenye nguvu kuliko langu, na aliondoka mbele. Mimi nikiwa gia ya kwanza, injini inapanda, nikasikia kwenye dashibodi, upande wa kushoto: ko ko.

Mkono wangu uliondoka wenyewe. Gia ya pili iliingia kama kisu kwenye siagi. Tena, ko ko, nikaingiza ya tatu. Ko ko, ya nne. Sijawahi kubadilisha gia namna hiyo maishani mwangu. Ilikuwa kama gari limeacha kunibishia. Nilimpita yule mwenzangu kabla ya mwisho, na nilipofunga breki nikajiambia ni boliti imelegea mahali fulani. Boliti inayojua muda wa gia. Mtu akitaka kushinda anaweza kuamini chochote.

Nilipokuwa narudi taratibu kwenye foleni, simu ikaanza kutetemeka kwenye kisanduku cha dashibodi. Nilijua ni nani bila kutazama. Niliiacha itetemeke mpaka ikanyamaza.

Zamu ya pili. Kerubo alikuja tena dirishani, na safari hii hakuinama sana. Alisimama mbali kidogo.

"Nilikuambia mzee ashuke."

"Dada, hakuna mtu humu."

"Ana koti la kaki," akasema kwa sauti ya chini. "Ana blanketi mabegani. Amekunja miguu."

Wakati huo harufu ilikuwa imenifikia, na hiyo sikuweza kuisingizia boliti. Dizeli na molasi. Koti la mjomba linanuka hivyo mpaka leo, hata likifuliwa, kwa sababu ya miaka yote aliyoipitisha akiegemea lori kwenye foleni ya kiwanda. Sisi tunasema tipo, kivuli cha mtu, na wazee wetu hawashangai ukiwaambia kimeonekana mahali ambapo mwenyewe hayupo. Nilikuwa nimesikia maneno hayo tangu utotoni na sikuwahi kuyatilia maanani. Nilikuwa mtu wa vipuri.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu kama ningesimama hapa nisingekuwa na kisa cha kuonea haya. Nilijua. Nilipokuwa pale mstarini, mguu kwenye klachi, nilijua ni mjomba, na nilijua kwamba aliyeko kando yangu hawezi kuwa mzima huko aliko. Ningeweza kuinua mkono, kutoka kwenye foleni, kupokea simu. Watu wangesema gari limegoma. Hakuna ambaye angeniuliza.

Badala yake nilimwambia Kerubo, "Tuendelee." Na bendera ilipoanguka, nilitega sikio.

Ko ko. Ko ko. Ko ko.

Nilishinda kwa umbali uliofanya watu wapige mbinja. Walikuja wakapiga boneti kwa viganja, wakaniambia nina mkono mwepesi. Nikawaambia asante.

Fainali ilikuwa saa tisa. Kerubo hakuja dirishani kabisa. Alisimama mbele na bendera yake na akatazama chini, kwenye viatu vyake. Gari la pembeni lilikuwa la jamaa mmoja wa Migori mjini, lina kasi ya kutisha. Niliweka gia ya kwanza, na ndipo nikaona mkono.

Mkono tu. Mwenyewe sikumwona, na labda sikustahili. Mkono wa kulia wa mzee, umeegemea juu ya dashibodi, mishipa imetokeza, kidole cha mwisho hakina ncha. Ulikuwa unatetemeka. Ulitetemeka vile mkono wa mtu unavyotetemeka akiwa amebeba ndoo kwa muda mrefu na hajaambiwa aiweke wapi.

Bendera ikaanguka.

Ko ko, lakini kwa unyonge, nusura nisisikie. Gia ya pili. Ko ko, imechelewa kidogo, nikangoja. Gia ya tatu. Jamaa alikuwa mbele kwa nusu gari. Nikaushikilia mguu wangu chini, injini inalia, nikawa naomba, Mungu nisamehe, nikawa naomba kimoyomoyo: mjomba, mara moja tena. Nikasikia, ko. Moja tu. La pili halikuja. Kwa pembe ya jicho niliona mkono ukianguka kutoka kwenye dashibodi kama nguo inayoteleza kwenye kamba.

Niliingiza gia ya nne. Nilimpita. Nilishinda kwa urefu wa boneti tu.

Na sikuondoka. Walinipa kikombe, nikasimama kando ya gari nikapigwa picha, nikatabasamu kwenye picha zote. Kerubo alinijia wakati watu wanatawanyika.

"Yule mzee ni nani wako?" akauliza.

"Ni mjomba wangu."

"Nilikuwa nawatazama mkiondoka. Hakuwa akitazama barabara. Alikuwa anakutazama wewe." Akakunja bendera yake. "Hana hasira. Sijui kama hilo linakusaidia."

Halikunisaidia. Nilifungua kisanduku, nikatoa simu. Mama Akoth alikuwa amenipigia mara saba. Nilimpigia, akapokea mara moja, akasema wako hospitali Migori, na mjomba ni mzima lakini si mzima. Hayo ndiyo maneno yake. Niliendesha kutoka Homa Bay mpaka Migori na sikuyaona magari niliyopita.

Nilimkuta Mama Akoth kwenye benchi la ukumbini, viatu vyake vimejaa majani makavu ya miwa. Walikuwa wamekaa kwenye kalvati mpaka karibu saa sita. Mwishowe dereva wa trekta aliyekuwa akirudi na trela tupu aliwahurumia, akamlaza mjomba kwenye majani ya miwa ndani ya trela, akawafikisha kwenye lami, na hapo wakapata gari la Migori. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba wangefika mapema zaidi mkono ungeweza kuokolewa. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Maneno nayo yalikuwa yamekwenda.

"Lakini alikuwa anajaribu kuniambia kitu," Mama Akoth akasema. "Tangu wamlaze kitandani. Alikuwa anagonga chuma cha kitanda. Mara mbili, anangoja kidogo, mara mbili, anangoja, mara mbili. Kisha analala kabisa kama mtu aliyetoka kulima. Nilidhani anataka maji. Baadaye akaanza tena vile vile. Daktari akasema aache, asijichoshe, lakini hakusikia. Mara ya mwisho mkono ulikuwa umechoka. Akagonga, akagonga, na ile ya mwisho kabisa aligonga mara moja tu. Mkono ukaanguka. Haujainuka tena."

"Ilikuwa saa ngapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Tisa, ama tisa na kidogo."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale. Yeye akadhani ni uchungu, akanishika kichwa, akanituliza. Akanituliza mimi. Kisha akasema jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nikiwa dukani inabidi niende nyuma ya rafu.

"Unajua tulipokuwa pale kalvatini lilipita gari kama lako. Mimi nikasema, si huyu ndiye? Mjomba wako akatikisa kichwa. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, lakini akasema, siye. Akasema yule yuko Kisumu. Magari kama hayo ni mengi."

Aliniambia hivyo huku ananitazama machoni, na mpaka leo sijui kama alikuwa anauliza. Nilisema, "Ndiyo, ni mengi." Hilo ndilo jibu nililompa.

Kulikuwa na jambo lingine. Muuguzi alikuwa amekuja kumgeuza mgonjwa na akamwita Mama Akoth kwa ukali kidogo, amuulize ni nani aliyemchoma mzee. Nyuma ya mapaja kulikuwa na malengelenge mabichi, mistari minne iliyonyooka, kama mtu aliyekalia chuma cha moto. Mama Akoth akasema labda ni trela, jua lilikuwa kali. Lakini alikuwa amelazwa juu ya majani, na mistari ile haikuwapo walipombadilisha nguo akifika. Mimi nilitoka nje, nikafungua mlango wa kushoto wa gari langu, nikatazama bati. Lina matuta manne. Sikuhitaji kupima.

Mjomba alirudi nyumbani baada ya majuma matatu. Maneno yalirudi polepole, moja moja, kama kuku wanaorudi bandani. Nilikuwa nakwenda kila jioni. Nilikuwa nimepanga nimwambie kila kitu, nimeyatunga maneno yote njiani, na siku moja tukabaki wawili tu, Mama Akoth ameenda kisimani. Nikasema, "Mjomba, ile siku, sikuwa Kisumu."

Alinyanyua mkono wa kushoto kunizuia. Ilimchukua muda kupata neno.

"Bati lako," akasema, "lilikuwa moto, okewa."

Niliinamisha kichwa.

"Ulishinda?"

"Nilishinda, mjomba."

"Vizuri," akasema. Akageuza uso akatazama mlangoni, na hatujawahi kulizungumza tena.

Laiti angenitukana. Kuna watu humu duniani wanalaaniwa na wazee wao, na wanajua wamelaaniwa, wanaenda kuomba msamaha na mambo yanaisha. Mimi nilipewa neno moja tu, "vizuri". Sina mahali pa kulipeleka. Nilimwambia mchungaji wetu sehemu ya kisa, si yote, akaniombea vizuri sana, nikatoka pale nikiwa mwongo zaidi. Mama Akoth sijamwambia mpaka leo. Nikitaka kuanza, naona vile alivyonishika kichwa.

Gari sijauza. Nilirudisha viti vyote na zulia, na ndilo linalompeleka mjomba kliniki. Nambeba kutoka mlangoni, namkalisha, namfunga mkanda, nauweka mkono wake wa kulia juu ya mapaja yake maana yeye hawezi kuuweka. Tunaenda polepole. Na utaamini? Mimi ambaye watu walisema nina mkono mwepesi, tangu siku ile siwezi kubadilisha gia sawasawa. Mafundi wawili wamefungua gia boksi wakasema haina shida yoyote. Nikiwa peke yangu, nikiwa naye, ni vile vile: naingiza mapema au nachelewa, gari linaruka kama la mwanafunzi. Yeye hasemi kitu. Anaacha injini ilie.

Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nina neno moja kwako. Mtu wako akikuita, nenda. Ukiwa huwezi kwenda, mwambie huwezi, akasirike, akutafutie jina baya, yatapita. Lakini usimdanganye. Kwa sababu wengine wakiitwa mara moja katika maisha yao kuwa wazazi hawajui kuacha, hata wakiwa wamelala wanakufa. Watainuka kukusaidia huko huko ulikojificha, kwa nguvu za mwisho walizo nazo. Na wewe, usijidanganye kwamba utaukataa msaada huo. Mimi niliupokea mara tatu.